Moshi Kwenye Mwamba wa Mtandi

Ardhi ilipotikisika nilikuwa nimeshika chaki, nimewapa mgongo wanafunzi wa kidato cha tatu pale Newala. Nilidhani ni lori. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kupanda uwanda wetu na malori yao, kila mmoja akitaka kumuwahi mwenzake, na yalipopita karibu na shule madirisha yaligongagonga. Lakini lori hupita likaenda zake. Hili halikupita. Sakafu ilinisukuma nyayo, ubao ukaachana na ukuta kisha ukaurudia kwa kishindo, na vumbi likamwagika kutoka kwenye kenchi juu ya vichwa vya wanafunzi.

"Tokeni nje," nikasema. "Polepole, msisukumane."

Walisukumana. Mimi mwenyewe sikumbuki nilivyofika mlangoni.

Hakuna aliyeumia. Ukuta wa jiko la shule ulipata ufa, na mji mzima ukashinda nje siku hiyo. Wanafunzi walinizunguka uwanjani kwa sababu muhula ule ule tulikuwa kwenye mada hiyo hiyo: kwamba ganda la dunia si kipande kimoja, limegawanyika kuwa mabamba makubwa yanayosogea polepole, kama kucha zinavyokua, kwamba yanapoachana, kugongana au kusuguana ardhi hutetemeka, na kwamba volkano nyingi huzaliwa kwenye kingo za mabamba hayo. Mmoja akaniuliza kama sasa volkano itafuata. Nikamwambia hapana, tetemeko lile huenda limetoka mbali, upande wa Ziwa Nyasa au baharini, na limetufikia likiwa limechoka. Wakacheka kidogo. Tukarudi darasani.

Jumamosi yake dereva wa lori la korosho alikuja nyumbani kwangu na ujumbe wa baba kutoka Masasi. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Mwalimu, mzee anasema uje leo. Mlima wa Mtandi unatoa moshi. Watu wanahama."

"Moshi wa nini? Si watu wanachoma mashamba?"

"Si shamba. Unatoka ndani ya jiwe. Nimeuona kwa macho yangu."

Nilichukua kanga na kitabu cha jiografia nikapanda naye. Njiani alinieleza yaliyotokea, akipiga kelele juu ya muungurumo wa injini. Karibu na soko la Masasi bwana mmoja alikuwa amefungua kibanda cha video, ana jenereta, televisheni na deki aliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam. Wiki ile ya tetemeko alikuwa akionyesha filamu ya mlima unaopasuka na kuteketeza mji. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, hivyo alisimama kando ya televisheni akiwatafsiria watazamaji: kwanza ardhi hutikisika, halafu moshi, halafu moto. Ardhi ikatikisika kweli. Kisha moshi ukaonekana kweli. Nani angebaki?

Tulipokaribia mjini tuliwakuta barabarani. Akina mama wamebeba magodoro yaliyokunjwa, wanaume wanasukuma baiskeli zilizofungwa masufuria na mabati. Wengine walikuwa wanakwenda kwa ndugu zao Chiwata, wengine Lupaso. Sikuona mtu anayekimbia. Walitembea kimya, wakigeuka nyuma kila baada ya muda, na huko kugeuka ndiko kulikonitia hofu. Nilijua vizuri kwamba mlima ule hauwezi kulipuka. Hata hivyo nilipouona, mwamba mkubwa wa kijivu nyuma ya paa la nyumba yetu, na kauzi kembamba ka moshi mweupe kakipanda kutoka kwenye mpasuko wake, moyo ulinipiga.

Ukoo wetu umeishi chini ya mlima ule tangu siku za wamisionari wa kwanza. Baba alikuwa katekista, mtu wa kuheshimiwa, na alikuwa amekataa kuondoka. Nilimkuta amekaa barazani na shati lake la Jumapili. Mama alikuwa ndani akifunga mizigo na kuifungua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Watu wanakusubiri uwanjani."

"Watu gani?"

"Waliobaki. Nimewaambia binti yangu amesomea mambo haya, waondoke baada ya kukusikia. Twende."

Hata maji sikunywa. Uwanjani walikuwepo wengi kuliko nilivyotarajia, Wakristo na Waislamu, mizigo yao imewekwa chini ya jua. Mwenye kibanda cha video alikuwepo pia, mikono kifuani. Nikagundua shida ambayo sikuifikiria njiani. Somo lile nililisoma kwa Kiingereza na nililifundisha kwa Kiingereza. Sasa nilitakiwa kuwaeleza watu wanaotetemeka, kwa Kiswahili, na wengi wao nyumbani wanaongea Kimakua au Kiyao. Kitabu nilichokibeba hakikunisaidia. Nikakiweka chini, nikanyoosha viganja vyangu viwili kandokando.

"Ardhi tunayoikanyaga ni ganda," nikasema. "Limekatika vipande. Hivi ni vipande viwili. Chini yake kuna mwamba wenye joto kali sana, lakini si uji, ni mgumu, kwa sababu uzito wa juu unaubana usiyeyuke. Sasa vipande vikiachana hivi, ganda linakuwa jembamba, ule uzito unapungua, na mwamba wa chini unapata nafasi ya kuyeyuka. Ukiyeyuka unakuwa mwepesi, unapanda. Ndani yake mna hewa, kama soda. Mnaijua soda iliyotikiswa ukaifungua? Basi ndiyo volkano. Huko kaskazini kwenye Bonde la Ufa ardhi inaachana hivyo, ndiyo maana wana Meru na Oldoinyo Lengai. Mbeya wana Rungwe."

Nikaingiza kiganja kimoja chini ya kingine. "Kwingine, nchi za mbali, kipande kinazama chini ya mwenzake, kinashuka na maji ya bahari. Maji yakifika kwenye mwamba wa moto yanaufanya uyeyuke upesi. Nao unapanda. Sisi hapa hatuko kwenye ukingo wa kuzama wala wa kuachana. Mlima huu wetu ni jiwe la kale mno. Lilizaliwa chini sana ardhini, udongo laini wa juu ukaoshwa na mvua kwa miaka isiyohesabika, likabaki limesimama. Ndani yake hakuna njia ya moto."

Jirani yetu, mjane wa Kiislamu aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na stendi, akasimama. Nyumba yake ilipakana na yetu upande wa mlimani.

"Mwalimu, nakuheshimu, nimekuona ukizaliwa. Lakini marehemu mume wangu alikaa kisiwani Ngazija. Aliuona mlima wa kule ukitema moto. Ngazija si karibu na sisi kuliko Arusha?"

Watu wakaguna. Baba akanitazama. Lilikuwa swali zuri kupita yote niliyowahi kuulizwa darasani.

"Ni karibu zaidi, Mama. Kweli kabisa," nikasema. "Mlima ule umeinuka kutoka sakafu ya bahari, mahali ambapo ganda lina nyufa. Kwa nini nyufa ziko pale hasa, hata wataalamu wanabishana, nami siwezi kukudanganya kwamba najua. Lakini moto wake unapanda pale pale ulipo. Hausafiri chini kwa chini mpaka Masasi."

"Na tetemeko?"

"Tetemeko linaweza kurudi. Hilo siwezi kulizuia wala kulitabiri."

"Na moshi?" akauliza mwenye kibanda.

"Kesho nitapanda kuuangalia."

Nadhani kilichowatuliza ni pale nilipokiri kwamba kuna nisichokijua. Watu walianza kubeba mizigo kuirudisha majumbani. Jirani yetu alituma ujumbe na yule dereva wa lori kwa binti yake aliyekuwa ametangulia Chiwata na wajukuu, warudi. Kabla jua halijazama walikuwa wamefika, nikawasikia watoto wakichezea mtungi uani kwao. Baba alikula vizuri jioni ile.

Asubuhi, baada ya ibada, mimi na Baba tulipanda. Joto lilikuwa kali, mawingu ya mvua za kwanza yakijikusanya upande wa Ruvuma bila kunyesha. Njia ilikuwa ya mbuzi, tukashika vichaka na kuvuta pumzi. Moshi ulizidi kunuka kadiri tulivyokaribia, na harufu yake ilikuwa ya magome yanayoungua. Nyuma ya jabali tulimkuta mtu mzima wa Lupaso amechuchumaa mbele ya mpasuko, akichochea kwa fimbo magome na majani mabichi. Alikuwa mrina asali. Nyuki walikuwa wameingia ndani sana, alikuwa na siku kadhaa akiwafukiza, na usiku alilala upande wa pili wa mlima. Habari za mji kukimbia hakuzijua kabisa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia. "Umeihamisha Masasi nzima."

"Mimi?" Akatupa fimbo.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikaegemea jiwe nipumzike, na hapo nikaona.

Chini kidogo ya tuliposimama, gamba kubwa la mwamba lililolala juu ya mteremko lilikuwa limeachana na mama yake. Miamba ya aina ile humenyuka tabaka kwa tabaka, lakini tabaka hili lilikuwa limemenyuka juzi. Ufa ulikuwa wenye kingo kali na rangi nyeupe ndani, bila kuvu wala kutu ya mvua. Kichaka kilichoota katikati kilikuwa kimepasuliwa mizizi. Niliokota kokoto nikalitumbukiza. Lilikwenda likigonga, likaendelea kugonga, kisha sikusikia tena kitu.

Nikatazama chini. Chini ya gamba lile palikuwa na mteremko mtupu, halafu paa la jirani, halafu letu.

"Baba, njoo uone."

Alikuja bado akitabasamu. Akaingiza mkono, ukaenda mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ilikuwepo," akasema.

"Gusa mizizi. Ina utomvu. Imekatika kwenye tetemeko."

Akagusa, akasugua vidole. Tabasamu likaondoka. "Jana umewaambia watu warudi."

"Niliwaambia hakuna volkano. Na hakuna."

"Mimi ndiye niliyewakusanya wakusikilize. Leo tushuke tukawaambie wahame tena? Watasema nini?"

"Watasema watakachosema. Mvua ikinyesha maji yataingia humu, Baba. Udongo unaolishikilia utalainika."

"Una hakika litaanguka?"

"Sina. Linaweza kukaa hivi mpaka wajukuu wazeeke."

Mrina asali alikuwa anakusanya vitu vyake haraka haraka, hakuaga. Nilimwona Baba akitazama paa letu, mabati aliyoyaezeka mwenyewe. Mwishowe akasema, "Basi tushuke," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka ghafla.

Mapokezi yalikuwa mabaya kama alivyoogopa. Habari za mrina asali ziliwachekesha watu, na walipokuwa katikati ya kicheko ndipo tukawaambia habari za jiwe. Mwenye kibanda cha video akasema kwa sauti, "Jana hakuna, leo ipo. Mwalimu, chagua moja!" Jirani yetu hakucheka. Alikuwa uani kwake, ameloweka mchele wa vitumbua vya kesho, mjukuu wake mdogo amelala mgongoni.

"Wajukuu wangu walilala Chiwata salama," akaniambia. "Wewe ndiye uliyenifanya niwarudishe. Sasa unaniambia nitoke. Unatuchezea?"

"Panda na mimi ukaone mwenyewe, Mama."

"Na miguu hii?"

"Nitakushika."

Sikudhani angekubali. Alimkabidhi binti yake mtoto, akajifunga kanga kiunoni, tukapanda. Alikasirika njia nzima. Alinilaumu mimi, shule, serikali, na yule bwana wa video. Tulipofika alilala kifudifudi akaweka sikio kwenye ufa. Nikamtumbukizia kokoto. Alisikiliza. Akainua uso, akatazama paa lake lililokuwa dogo kama sanduku kule chini. Wakati wa kushuka miguu yake ilipona: nilimkimbilia nisimfikie.

Alipofika uani alimwaga mchele na kuanza kutoa vyombo. Wakati huo huo Baba alikuwa ameingia chumbani kwake. Akatoka na kitanda chake kichwani, katekista mzima, akapita nacho mbele za watu mpaka kwenye kibaraza cha kanisa, nje ya mteremko ule, akarudi kuchukua godoro. Hapo hapakuwa na aliyecheka tena. Nyumba zote za mstari ule zilianza kutoa vitu.

Halafu tukangoja, na jiwe halikufanya lolote. Tulilala kwenye baraza, asubuhi jiwe liko pale pale, mchana liko pale pale. Nilipaswa kurudi shuleni nikashindwa kuondoka. Wanaume wawili walitaka kurudi makwao, Baba akawabembeleza. Nilianza kuomba liporomoke, na nilipojisikia naomba hivyo nikaona aibu, kwa sababu ile pia ilikuwa nyumba yangu.

Mvua ilianza alasiri moja, kubwa, ya upepo. Watu walisogea ndani zaidi ya baraza. Nilihesabu watu wetu kwa macho na sikumwona Mama.

"Mama yuko wapi?"

"Kuku," akasema Baba. "Alisema kuku wake..."

Nilikimbia. Mtaro ulikuwa umeshajaa, nikauruka, nikaanguka, nikainuka. Nilimkuta uani ameinama kwenye banda, kuku mmoja kwapani, anamvuta mwingine kwa mguu.

"Mama, toka!"

"Huyu anaatamia, subiri nitoe mayai."

Juu yetu kukatoka sauti ambayo sijaisikia tena maishani, kama kitambaa kizito kinachochanwa. Nilimshika mkono nikamvuta, akapiga kelele, kuku akaruka, nami sikumwachia. Tulivuka uani, tukavuka njia, tukaingia kwenye mikorosho ya kanisa. Ardhi ikapiga chini ya miguu yetu. Ilipiga tena, na tena, kila pigo likiwa karibu zaidi, kisha kukawa na mpasuko wa mabati na upepo wa matope ukatupiga mgongoni. Tukaanguka wote wawili, nikamlalia.

Nilipoinua kichwa, hewa ilinuka kama mawe mawili yaliyogonganishwa, harufu ya kuungua. Vumbi lilipanda kwenye mvua likionekana kabisa kama moshi. Kutoka upande wa barazani nikasikia mtu akipiga yowe, "Volkano! Volkano!" Na mimi, niliyejua, kwa muda mfupi niliamini.

Nyumba ya jirani haikuwepo. Pande kubwa la gamba lilikuwa limeipitia, likavunjika, na kipande chake kimoja kikasimama katikati ya chumba alimokuwa akilala Baba. Banda la kuku lilikuwa chini ya mawe. Hakuna mtu aliyekuwa ndani ya nyumba yoyote. Baba alikuja akikimbia bila viatu, akatupita mara mbili bila kutuona kwa sababu tulikuwa rangi ya udongo. Mama ndiye aliyemwita.

"Mkono wangu," akasema. "Binti yako amenitegua mkono."

Baba alipiga magoti kwenye matope akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Jirani yetu alikuja jioni mvua ilipokatika. Alizunguka rundo lile lililokuwa nyumba yake, akaokota kifuniko cha sufuria, akakitupa. Nilisimama mbali kwa kuogopa lawama. Akanijia, akanishika shingo kwa mkono mmoja kama wanavyoshikwa watoto, tukasimama hivyo.

"Bado sijui nikushukuru au nikutukane," akasema. "Ngoja kwanza nipate pa kulala."

Alipata, kwa shemeji yake, baadaye akajenga mtaa wa ng'ambo ya barabara, na Baba akajenga karibu naye. Mama nilimchukua nikaenda naye Newala mpaka mkono wake ulipopona. Hakupenda huko. Alilalamika kwamba maji ni ya shida, kwamba baridi ya asubuhi inamwingia mfupani, kwamba napika mboga kwa haraka. Nilimwacha alalamike. Asubuhi nilimfunga upya bandeji kabla ya kwenda shule, akinyoosha mkono wake bila kunitazama, akaniambia nikaze kidogo, hapo, basi, sasa nenda, utachelewa.